Maswali na Majibu: Folda ya MB 19 Imekulaje GB 2 za Flashi?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Natunga kamusi. Kila kidahizo, yaani neno linaloelezwa pamoja na maelezo yake, nakiandika kwenye faili yake ya maandishi matupu, na mpaka sasa nina faili 18,400 ndani ya folda moja. Juzi niliibofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya nikafungua Sifa, nikakuta mistari miwili. Wa kwanza unasema ukubwa ni MB 19.3. Wa pili unasema ukubwa kwenye diski ni MB 71.8. Nilishangaa, nikapuuza. Jana nikainakili kwenye flashi mpya ya GB 64, kazi ikachukua muda mrefu mno, na nilipofungua Sifa huko nikaona ukubwa ni MB 19.3 ileile lakini kwenye diski ni GB 2.24! Je, ni kirusi? Nimeuziwa flashi bandia? Faili zangu zimeharibika? Nimeanza kufikiria kufuta rasimu za zamani ili kupunguza mzigo. Naomba unijibu kabla sijafuta.

Mtunga kamusi

JIBU

Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa kuuliza kwanza. Usifute chochote, hata rasimu moja. Namba ulizoniandikia si dalili ya kirusi, wala ya flashi bandia, wala ya faili kuharibika. Nimekaa nazo na karatasi na kalamu na zote tatu zimekubaliana. Hesabu yenyewe nitakuonyesha, maana ukiiona mara moja hutatishika tena na mistari ile miwili.

Mstari wa kwanza unajibu swali hili: nimeandika kiasi gani? Kompyuta inajumlisha baiti zote zilizomo ndani ya faili zako na kukupa jumla. Mstari wa pili unajibu swali jingine: diski imetenga nafasi kiasi gani kwa ajili ya maandishi hayo? Tatizo ni kwamba mistari hiyo imewekwa juu na chini, kwa maneno yanayofanana, na mtu anadhani mmoja unamkosoa mwenzake. Yote miwili inasema kweli.

Sasa tuingie ndani. Diski haigawi nafasi kwa baiti mojamoja. Inapoandaliwa kwa mara ya kwanza, hukatwa vipande vya ukubwa mmoja, na kila kipande huitwa klasta. Faili ikihitaji nafasi hupewa klasta nzima, hata kama itatumia sehemu ndogo tu, na sehemu inayobaki haiwezi kupewa faili nyingine. Wewe ni mtu wa kamusi, kwa hiyo fikiria kamusi iliyochapwa kwa sharti moja: kila kidahizo kianze ukurasa mpya. Kidahizo cha mistari mitatu kinakula ukurasa mzima. Ukihesabu maneno utapata kitabu chembamba, ukihesabu kurasa utapata kitabu kinene, na kitabu ni kilekile.

Kwenye diski za Windows zinazotumia mfumo wa faili (utaratibu wa kupanga na kufuatilia faili kwenye diski) uitwao NTFS, klasta ya kawaida ni baiti 4,096, yaani KB 4. Chukua sasa kalamu. MB 19.3 ni kama baiti milioni 20.2. Zigawe kwa faili 18,400, unapata takriban baiti 1,100 kwa kila kidahizo. Baiti 1,100 zinatosha ndani ya klasta moja na kubakiza karibu 3,000 bila kazi. Basi zidisha 18,400 kwa 4,096: unapata 75,366,400. Ukigawa kwa 1,024 mara mbili ili kupata megabaiti, jibu ni 71.8 na kitu. Ndiyo namba uliyoiona. Inaelekea hakuna hata kidahizo kimoja kilichozidi klasta yake.

Flashi je? Flashi nyingi za GB 64 huja zikiwa na mfumo wa faili uitwao exFAT, na Windows inapoandaa diski ya exFAT iliyozidi GB 32, klasta inayoichagua yenyewe ni KB 128, yaani baiti 131,072. Ukurasa umekuwa shuka. Zidisha 18,400 kwa 131,072, kisha gawa kwa 1,024 mara tatu. Utapata GB 2.24. Maandishi hayakuongezeka hata nukta. Kila kidahizo cha baiti 1,100 kimelazwa peke yake kwenye kitanda cha watu 119.

Utauliza, kwa nini watu wenye akili zao watengeneze klasta kubwa hivyo? Kwa sababu kila klasta inahitaji kufuatiliwa: ipi imetumika, ipi iko huru, ipi inafuata ipi. Klasta zikiwa ndogo, orodha ya kufuatilia inakuwa ndefu. Zikiwa kubwa, orodha ni fupi na faili kubwa husomwa kwa hatua chache. Flashi za ukubwa huo zinatarajiwa kubeba video na picha. Video ya GB 1.5 kwenye flashi yako hupoteza, hata mambo yakiwa mabaya kabisa, pungufu ya KB 128 katika klasta yake ya mwisho, na hakuna atakayeona. Hasara hii haipimwi kwa uzito wa faili. Inapimwa kwa idadi yake. Kwa makadirio ya jumla, kila faili inapoteza wastani wa nusu klasta, na faili ndogo sana hupoteza karibu klasta nzima.

Naomba ufanye jaribio moja dogo kwa mkono wako. Fungua programu ya maandishi matupu, andika neno moja, ng'ombe, bila kubonyeza kitufe cha kuingiza, kisha hifadhi kwenye diski ya ndani. Fungua Sifa: ukubwa ni baiti 7, kwa sababu herufi zetu za Kiswahili huchukua baiti moja kila moja, na ile alama ya juu iliyonyooka nayo ni baiti moja. (Ukiweka alama ya juu iliyopinda, ile ambayo programu za kuchapia hupenda kuibadilisha zenyewe, faili inakuwa baiti 9, kwa sababu alama hiyo peke yake ni baiti tatu katika UTF-8, utaratibu wa kompyuta wa kugeuza herufi kuwa baiti. Kwa mtunga kamusi hili lina maana zaidi ya ukubwa: ng' ya namna moja na ng' ya namna nyingine ni maneno mawili tofauti machoni pa kompyuta, na ukitafuta moja hutaipata nyingine. Chagua moja uishike katika vidahizo vyote.)

Sasa angalia mstari wa pili wa faili hiyo ya ng'ombe. Kwenye Windows 10 au 11 utaona ukubwa kwenye diski ni baiti 0. Sifuri! Si hitilafu. NTFS ina daftari lake kuu lenye rekodi ya kila faili: jina, tarehe, mahali ilipo. Rekodi hiyo kwa kawaida ni baiti 1,024, na faili ikiwa ndogo kiasi cha kuenea katika nafasi iliyobaki ndani ya rekodi yake, baiti 700 hivi kushuka chini, NTFS huiandika humohumo daftarini na haiipi klasta yoyote. Kisha nakili faili hiyohiyo kwenye flashi yako, fungua Sifa, na utaona KB 128. Neno moja, herufi zilezile: kule sifuri, huku KB 128. Nimewaonyesha watu wengi jaribio hili, na hapo ndipo hofu huwatoka usoni.

Hofu hiyo naijua vizuri. Nilianza kazi katika maktaba, miaka ya tisini, kazi yangu ikiwa kuchapa kadi za vitabu kwenye kompyuta. Kila kadi tuliipa faili yake, kama ulivyofanya wewe, kwa kuwa ndivyo zilivyokuwa kwenye droo: kadi moja, kitabu kimoja. Diski ilikuwa ya GB 1.2 na mfumo wa faili ulikuwa FAT16, ambao hauwezi kuhesabu zaidi ya klasta elfu 65 hivi kwenye diski moja. Diski ikikua, klasta hazina budi kukua nazo. Kwenye diski iliyozidi GB 1, klasta ilikuwa KB 32. Sisi hatukulijua hilo. Tulijua tu kwamba diski inajaa. Amri ya kuorodhesha faili ilionyesha baiti za maandishi tu, kadi moja baiti 600 hivi, na tukijumlisha tulipata kitu kidogo sana. Lakini nafasi ilizidi kwisha, na mkubwa wangu akaamua kwamba kadi za vitabu vilivyokwisha kuondolewa rafuni zifutwe. Nilikaa siku mbili nikizifuta. Zilikuwa zaidi ya 2,000. Baadhi zilikuwa na maelezo ya pembeni yaliyoandikwa na wakutubi waliokwisha kustaafu, nani alikitoa kitabu, kilirekebishwa lini jalada, na kadi za karatasi tulikuwa tumeshazitupa.

Baada ya muda nikaendesha programu ya kukagua diski, na chini kabisa ya ripoti ikaandika kwamba kila kipande cha nafasi ni baiti 32,768. Nikachukua kalamu. Kadi 6,000 kwa 32,768 ni karibu MB 188. Maandishi yenyewe ya kadi zote 6,000 yalikuwa baiti milioni 3.6. Tungeziunganisha kuwa faili moja, tukaikata vipande, zingetosha kwenye disketi tatu. Tulifuta kumbukumbu za watu kwa kukosa disketi tatu na hesabu moja ya kuzidisha. Ndiyo maana barua yako niliijibu kabla ya nyingine zote.

Sasa cha kufanya. Kwanza, hakikisha nakala ya kwenye flashi ni kamili. Kwa kazi hiyo, achana na mstari wa pili kabisa. Linganisha idadi ya faili na namba ndefu ya baiti iliyo pembeni ya mstari wa kwanza. Kama diski zote mbili zinasema faili 18,400 na baiti zilezile hadi tarakimu ya mwisho, hakuna faili iliyoachwa njiani.

Pili, kwa kuhifadhi na kusafirisha, funga folda nzima iwe faili moja ya zipu. Maandishi hubanika vizuri, kwa hiyo natarajia ishuke chini ya MB 19, na hasara ya klasta itakuwa ya faili moja tu badala ya 18,400. Kunakili nako kutakwenda haraka, maana uliona jana jinsi flashi ilivyochoka: kwa kila faili ndogo kompyuta inafungua, inaandika jina, inatenga nafasi, inaandika, inafunga, na kuanza upya. Tengeneza zipu mpya kila wiki, uipe jina lenye tarehe, na uiweke pia mahali pengine mbali na flashi hiyo. Kamusi isiishi kwenye kitu kinachoweza kudondoka mfukoni.

Ipo njia nyingine, ya kuiandaa flashi upya na kuchagua klasta ya KB 4. Dirisha la kuandaa diski lina sehemu ya kuchagua ukubwa huo. Lakini kuandaa upya kunafuta kila kilichomo, na sioni haja, kwa sababu flashi yako bado ina nafasi tele. Wengine watakwambia uibadilishe iwe NTFS. Fahamu tu kwamba kompyuta za Mac husoma diski ya NTFS lakini, bila programu ya ziada, haziandiki juu yake. Kama mhariri wako anatumia Mac, utamfunga mikono.

Naongeza upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu ni wa hatari zaidi ingawa wewe hukuuliza. Wakati mwingine mstari wa pili huwa mdogo kuliko wa kwanza. Folda inasema ukubwa ni GB 11 na kwenye diski ni MB 2. Sababu zipo kadhaa: faili zimebanwa na mfumo wenyewe, au faili ina maeneo makubwa matupu ambayo mfumo haukuyaandika. Ila siku hizi sababu utakayokutana nayo mara nyingi ni hifadhi ya mtandaoni. Programu za hifadhi hiyo huacha jina na picha ndogo ya faili kwenye kompyuta yako, na maudhui yenyewe yako kwenye seva mbali. Mstari wa kwanza unahesabu maudhui yaliyo mbali. Wa pili unahesabu kilichopo hapa.

Mtu akiona hivyo anaweza kudhani faili zimeoza na kuzifuta ili azipakue upya. Mimi nilifanya hivyo miaka michache iliyopita kwenye folda ya makala za safu hii. Kufuta kukapita hadi kwenye seva, na kutoka seva hadi kwenye kompyuta yangu ya pili, na ndani ya dakika chache hazikuwepo popote. Nilizikuta kwenye pipa la taka la mtandaoni, ambalo hutunza vitu kwa muda tu. Kwa hiyo ukiona mstari wa pili ni mdogo sana, tafuta kwanza alama ya wingu pembeni ya jina la faili. Ikiwepo, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua ibaki daima kwenye kifaa hiki, subiri ishuke, kisha angalia tena Sifa. Namba zitakaribiana. Na folda ya namna hiyo usiihesabu kuwa nakala ya akiba hata siku moja kabla mstari wa pili haujajaa.

SWALI FUPI

*Nilinunua diski ya GB 500, kompyuta inasema ni GB 465. GB 35 zimekwenda wapi?*

Hazijakwenda popote. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kwa elfu: baiti 1,000,000,000. Windows inahesabu kwa 1,024 mara tatu lakini inaandika GB hiyohiyo. Gawa 500,000,000,000 kwa 1,073,741,824 na utapata 465. Kompyuta za Mac tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009 zinahesabu kwa elfu, kwa hiyo diski yako ikichomekwa huko itaonyesha 500. Majina ya kutofautisha hesabu hizi mbili yalitolewa na shirika la viwango la IEC mwaka 1998, kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti, na natamani Windows ingeyatumia, kwa sababu swali hili huniletea barua kila mwezi.

SWALI FUPI

*Natumia Linux. Amri ya ls inasema faili ni ndogo, du inasema ni kubwa. Halafu nimefuta faili ya kumbukumbu za seva ya GB 30, du imepungua lakini df bado inasema diski imejaa.*

La kwanza ni lilelile la mtunga kamusi: ls -l inakupa baiti zilizoandikwa, du inakupa nafasi iliyotengwa, na kazi hiyo du inaifanya tangu Unix ya kwanza ya mwaka 1971. Ukitaka du ihesabu maandishi badala ya nafasi, iongezee --apparent-size.

La pili ni tofauti. Kwenye Linux, kufuta ni kuondoa jina tu. Kama kuna programu bado imeishikilia faili hiyo ikiwa wazi, nafasi haiachiwi mpaka programu iifunge. du inatembea kwa kufuata majina, jina halipo, haioni kitu. df inauliza mfumo wa faili wenyewe, na mfumo unajua GB 30 bado zina mwenyewe. Andika lsof +L1, itakutajia programu inayoishikilia. Iwashe upya programu hiyo peke yake, si seva nzima, na utaona nafasi inarudi palepale.